Kuyeyusha Chuma Katika Mchezo wa Kompyuta: Funzo Kutoka Karagwe na Kyerwa

Wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, zina historia ndefu ya metali. Karagwe ilikuwa dola ya kifalme iliyosifika kwa kazi ya chuma kabla ya kuja kwa ukoloni. Kyerwa, iliyokuwa sehemu ya Karagwe hadi ilipofanywa wilaya mwaka 2012, imechimbwa bati tangu miaka ya 1920. Hata hivyo, kijana wa siku hizi aweza kukutana na kazi ya kuvunja mwamba, kutafuta mawe yenye chuma na kuwasha tanuri kwa mara ya kwanza si kwa mhunzi, bali katika kioo cha kompyuta au cha simu.

Makala haya yanaeleza mchezo wa kompyuta unaoiga kazi hizo, na jinsi wachezaji wanavyozibadili kanuni zake. Yanakusudia kuonyesha kwamba mchezo wa namna hiyo waweza kuwa chombo cha kufundishia sayansi, kwa sharti moja: mwanafunzi asiishie kuucheza tu, bali azihoji kanuni zake, azilinganishe na maumbile na historia ya mahali alipo, kisha azisahihishe.

Mchezo na Kanuni Zake

Kila mchezo ni mkusanyiko wa kanuni. Bao ni mfano ulio karibu. Bao la Kiswahili na omweso wa Uganda huchezwa katika ubao wa namna moja, wenye safu 4 za mashimo 8, na kete 64. Lakini katika omweso kete zote 32 za kila mchezaji huwa ubaoni tangu mwanzo, hali katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza akiwa na kete 22 mkononi, ambazo huziingiza moja moja, na lipo shimo maalumu liitwalo nyumba. Ubao haukubadilika wala hesabu ya kete haikubadilika. Kilichobadilika ni kanuni, na kwa hiyo mchezo ukawa mwingine.

Mchezo wa kompyuta uitwao Minecraft ulitungwa na Markus Persson wa Uswidi. Ulitolewa hadharani kwa mara ya kwanza mwezi Mei 2009, na toleo lililokamilika likatoka Novemba 2011. Mwaka 2014 kampuni ya Microsoft ya Marekani iliinunua kampuni ya Mojang, iliyoumiliki mchezo huo, kwa dola bilioni 2.5. Mchezo huu hauna hadithi ambayo mchezaji analazimika kuifuata hadi mwisho. Mchezaji hupewa ulimwengu mzima uliojengwa kwa vitalu, kila kimoja kikihesabiwa kuwa na urefu, upana na kimo cha mita 1, naye huachiwa achimbe, ajenge na kuunda atakavyo, kama mtoto aliyeachiwa lundo la mchanga.

Mchezo huu umekwisha kutumika kwa kazi za maana katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 2012 Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, UN-Habitat, lenye makao yake makuu Nairobi, lilishirikiana na Mojang kuanzisha mpango uitwao Block by Block. Katika mpango huo wakazi wa mitaa hukaa mbele ya kompyuta na kuchora kwa vitalu uwanja au bustani wanayoitaka, kabla ya wahandisi kuanza kazi. Kibera, jijini Nairobi, ilikuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo palipofanyiwa jaribio hilo.

Jambo linalohusu makala haya zaidi ni kwamba mchezo wenyewe hubadilishwa na wachezaji wake. Wale wanaoijua lugha ya kompyuta iitwayo Java waliweza kuandika nyongeza zinazoongeza miamba, mashine na mimea ambayo mtungaji wa kwanza hakuiweka, au zinazofuta kanuni zake na kuweka nyingine. Nyongeza hizo huitwa modi. Upo pia mchezo mwingine wa aina hiyo hiyo usiolipiwa, ulioanzishwa mwaka 2010 na Perttu Ahola wa Ufini. Kwa miaka mingi uliitwa Minetest, na tangu Oktoba 2024 unaitwa Luanti. Huu ulitengenezwa tangu mwanzo ili urekebishwe: modi zake huandikwa kwa lugha ya Lua, ambayo ni nyepesi kwa anayeanza kujifunza, na kanuni zake zote zi wazi kwa yeyote anayetaka kuzisoma.

Jembe la Tani Moja na Robo Tatu

Katika Minecraft isiyorekebishwa, mchezaji huunda tanuri kwa vitalu 8 vya mawe. Huweka ndani yake kipande cha mtapo, yaani jiwe lenye chuma, na chini yake huweka makaa. Baada ya sekunde 10 hupata mche wa chuma safi. Kipande kimoja cha makaa hutosha kuyeyusha vipande 8 vya mtapo. Tanuri halihitaji mvukuto, halitoi taka yoyote, na mchezaji hana haja ya kulisimamia.

Kanuni hizo zikipimwa kwa hesabu ya kidato cha pili, mambo ya ajabu hujitokeza. Miche 9 ya chuma huunda kitalu kimoja chenye ujazo wa mita 1 ya mchemraba. Mita 1 ya mchemraba ya chuma ina tungamo la kilogramu 7,870 hivi. Kwa hiyo mche mmoja una kilogramu 874. Jembe la chuma katika mchezo huundwa kwa miche 2 na vijiti 2, basi jembe hilo lina uzito wa karibu tani 1.75. Mchezaji aweza kuweka miche 64 katika nafasi moja ya mfuko wake, maana yake anatembea na karibu tani 56 za chuma katika nafasi hiyo moja tu.

Kasoro hizi si sababu ya kuudharau mchezo. Mtungaji alitaka kuburudisha, na mchezaji asingekubali kungoja kutwa nzima ili apate jembe moja. Lakini ni wajibu wa mwalimu na mwanafunzi kutambua kwamba kila mchezo wa aina hii ni kielelezo cha ulimwengu, na kwamba kila kielelezo huchagua mambo ya kuonyesha na mambo ya kuacha. Hata ramani huacha mengi. Hatari huja pale mtazamaji asipojua ni nini kilichoachwa.

Tanuri la Kagera

Yaliyoachwa na mchezo huo ndiyo hasa yaliyokuwa elimu ya wahunzi wa Kagera. Novemba 1861 Waingereza John Hanning Speke na James Grant walipofika Karagwe, walipokewa na Omukama Rumanyika. Henry Morton Stanley alifika mwaka 1876. Miongoni mwa hazina za kifalme za Karagwe zilizopata kuelezwa na wageni na kuhifadhiwa ni sanamu ndogo za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma, kazi isiyowezekana bila ya mafundi wa daraja ya juu.

Ukoloni ulipoingia, na chuma na majembe kutoka ng'ambo yalipoenea, kazi ya kutoa chuma katika mawe ilififia na hatimaye ikakoma. Wahunzi waliendelea kufua, lakini walitumia vyuma chakavu. Mwaka 1976, mashariki ya Karagwe, katika nchi ya Wahaya iliyo kando ya Ziwa Viktoria, wazee waliowahi kuifanya kazi hiyo ujanani waliombwa na mwanaakiolojia Peter Schmidt waijenge upya tanuri yao na kuonyesha ilivyofanya kazi. Kazi hiyo ilikuwa imeachwa kwa nusu karne hivi. Matokeo yalichapishwa Septemba 1978 katika jarida la Science la Marekani, na Schmidt pamoja na mtaalamu wa metali Donald Avery, wote wa Chuo Kikuu cha Brown.

Wazee hao walichimba shimo na kulikandika kwa udongo wa kichuguu, udongo unaostahimili moto. Walichoma matete ya bwawani ndani ya shimo hadi likajaa majivu meusi yenye kaboni. Juu yake walijenga bomba la moshi kwa mabonge ya mavi ya chuma yaliyobaki katika matanuri ya zamani. Mtapo ulichomwa kwanza kwa kuni ili kuukausha na kuutia nyufa, kisha ukachanganywa na mkaa. Vibomba vya udongo wa kufinyangwa viliingizwa mbali ndani ya tanuri, na mivukuto ikapuliza hewa kupitia humo. Schmidt na Avery walieleza kwamba karibu na midomo ya vibomba joto lilizidi nyuzi 1,800 za Sentigredi. Walitoa pia hoja kwamba hewa ilipata moto ikiwa bado ndani ya vibomba, jambo ambalo lingepunguza mkaa uliohitajika. Hoja hiyo ya pili ilipingwa na baadhi ya wataalamu, na mjadala wake ulidumu kwa miaka mingi. Lakini hakuna aliyebisha kwamba mafundi hao walikuwa na elimu pana, na kwamba mabaki ya matanuri katika eneo hilo la Kagera yanaonyesha kazi ya chuma yenye umri wa karibu miaka 2,000 au zaidi.

Kemia ya tanuri hilo yaweza kuelezwa kwa mstari mmoja. Mkaa ukiungua katika hewa haba hutoa gesi ya kaboni monoksidi, nayo huunyang'anya mtapo oksijeni yake:

Fe₂O₃ + 3CO → 2Fe + 3CO₂

Hapa neno "kuyeyusha" linaweza kumpotosha mwanafunzi. Chuma huyeyuka katika nyuzi 1,538. Katika tanuri la mkaa la namna hii, sehemu kubwa ya chuma haiyeyuki kamwe. Kinachoyeyuka ni uchafu: mchanga ulio katika mtapo huungana na sehemu ya chuma chenyewe na kuwa mavi ya chuma, ambayo hutiririka katika joto la nyuzi 1,200 hivi. Chuma hubaki kuwa donge lenye matundu kama sifongo. Donge hilo hutolewa, hupashwa moto tena na kupigwa nyundo hadi uchafu uliobaki utoke. Chuma kikikaa karibu na kaboni, huinywa kidogo na kugeuka kuwa pua, yaani chuma kigumu zaidi. Huenda hiyo ndiyo faida mojawapo ya kulijaza shimo majivu ya matete.

Kuandika Kanuni Upya

Zipo modi zilizokwisha kujaribu kuirekebisha kasoro ya chuma cha sekunde 10. Mojawapo kwa ajili ya Minecraft huitwa TerraFirmaCraft. Katika modi hiyo mchezaji hulazimika kuchoma mkaa kwa kuni zilizofunikwa, kujenga tanuri refu, kuweka mtapo pamoja na mkaa, kungoja, kutoa donge la chuma na kulipiga juu ya fuawe. Miamba nayo imegawanywa kwa aina zake, na kila mtapo hutafutwa katika mwamba unaoufaa. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini tanuri linaloonyeshwa humo halina udongo wa kichuguu, wala matete, wala vibomba virefu vilivyoingia ndani ya moto kama vile vya wazee wa Kagera. Watungaji waliandika walichokijua.

Basi ni nani atakayeliandika tanuri la Kagera? Aliye karibu zaidi na kazi hiyo ni mwanafunzi wa Kayanga, Nyaishozi, Nkwenda au Murongo, akisaidiwa na walimu wake wa Kemia, Jiografia na Historia. Katika mchezo wa kawaida uliokuwa ukiambatana na Luanti hapo awali, kwa mfano, kanuni ya chuma ni mistari michache tu, isemayo kwamba donge la chuma likipikwa huwa mche wa pua. Kanuni hiyo inarukia pua moja kwa moja, bila ya kuuliza kaboni imetoka wapi. Mwanafunzi aweza kuifuta na kuweka mpya, hatua kwa hatua.

Kwanza, mtapo ambao haujachomwa kwa kuni usikubaliwe na tanuri. Pili, mkaa upatikane kwa hasara: katika tanuu la udongo la kawaida, kilogramu 100 za kuni kavu hutoa mkaa wa kilogramu 10 hadi 20 tu, hali katika Minecraft gogo moja hutoa kipande kimoja cha mkaa pasipo kupungua. Tatu, tanuri lisifanye kazi ila mvukuto unapopulizwa, na kila unapoachwa joto lishuke. Nne, matokeo yawe vitu viwili, donge la chuma na mavi ya chuma, na donge lisiwe jembe mpaka lipigwe nyundo. Tano, vipimo vifuate kemia. Gramu 160 za Fe₂O₃ hutoa gramu 112 za chuma kwa uchache wa gramu 36 za kaboni. Kwa hiyo mche mmoja wa mchezo, wenye kilogramu 874, ungehitaji si chini ya kilogramu 1,249 za oksidi ya chuma na kilogramu 281 za kaboni, kabla ya kuhesabu mkaa unaoungua ili kuleta joto na chuma kinachopotea katika taka.

Mwanafunzi anayeandika kanuni ya pili ataona msitu wa mchezo wake ukiisha, na hapo ataelewa kwa nini kuni ilikuwa sehemu nzito ya gharama ya chuma. Anayeandika kanuni ya tatu atalazimika kuuliza mivukuto ilikuwa mingapi, na ilipulizwa kwa muda gani. Jibu hatalipata katika kompyuta. Itambidi asome maandishi ya watafiti, na awaulize wazee wa kijiji chake ambao huenda walisikia habari hizo kwa baba na babu zao. Tena, mwandishi wa modi ndiye anayetoa jina la kila kitu. Maneno kama mvukuto, fuawe na mavi ya chuma, pamoja na majina ya Kinyambo ya vifaa hivyo ambayo yangali yanakumbukwa, yaweza kuandikwa humo na kutumiwa kila siku na wachezaji wadogo.

Bati la Kyerwa

Somo la pili ni la jiolojia. Katika michezo hii mitapo hutawanywa kwa kanuni ya bahati nasibu. Kompyuta huambiwa, kwa mfano, iweke fungu moja la mawe ya bati katika kila vitalu 1,000 vya mwamba, chini ya kina fulani. Mchezaji hujifunza kwamba akichimba chini vya kutosha, mahali popote, atapata.

Bati la Kyerwa halikutawanywa hivyo. Mtapo wake ni kasiteriti, yaani SnO₂, ambayo ikiwa safi ina bati asilimia 79 hivi kwa uzito. Asili yake ni miamba ya graniti iliyopenya katika miamba ya kale zaidi yapata miaka bilioni moja iliyopita, katika ukanda unaounganisha Karagwe na Ankole ya Uganda, Rwanda na Burundi. Maji ya moto yaliyotoka katika graniti hizo yalipita katika nyufa na kuacha humo mishipa ya kwazi yenye kasiteriti. Mvua na mito ikaibomoa mishipa hiyo na kuikusanya kasiteriti katika changarawe za mabonde. Kasiteriti ina uzito wa karibu mara 7 ya maji, na kwazi mara 2.65 tu. Ndiyo maana mchimbaji mdogo aweza kuzitenga kwa karai na maji: nyepesi huchukuliwa, nzito hubaki.

Modi inayosema "bati lipatikane katika mishipa ya kwazi iliyo karibu na graniti, na katika changarawe ya bonde lililo chini yake" itamlazimisha mchezaji kusoma sura ya nchi kabla ya kupiga sururu. Hivyo ndivyo mjiolojia anavyofanya kazi.

Mipaka ya Kielelezo

Yafaa kutahadhari. Kwanza, kioo hakina joto wala harufu ya moshi, na hakuna modi iwezayo kuchukua nafasi ya jaribio la maabara. Kuwekea unga wa oksidi ya shaba na mkaa katika neli ya kioo na kuupasha moto kutamfundisha mwanafunzi maana ya kuondoa oksijeni kuliko saa nyingi za mchezo.

Pili, kazi ya chuma haikuwa kemia peke yake. Katika sehemu nyingi za Afrika tanuri lilifananishwa na mwili wa mama mzazi, na kazi yake ilizungukwa na miiko na dawa. Mambo hayo nayo ni sehemu ya historia, na hayapimwi kwa gramu.

Tatu, mwanafunzi akiona mavi ya chuma shambani au kando ya njia, asiyachimbe wala kuyahamisha. Mahali yalipolala ni ushahidi, na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda mabaki ya namna hiyo. Apachore, apime, kisha amwarifu mwalimu wake.

Nne, si kila shule ina kompyuta au umeme wa kutegemewa. Lakini Luanti hufanya kazi katika kompyuta za kawaida za zamani kidogo, huweza kunakiliwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila intaneti, na kompyuta chache zilizounganishwa kwa waya hutosha darasa kugawana ulimwengu mmoja. Hata shule isiyo na kompyuta yaweza kuifanya sehemu iliyo ya maana zaidi kwa karatasi na kalamu: kuandika kanuni, kuzihesabu, na kubishana juu yake.

Hitimisho

Wazee walioijenga tanuri mwaka 1976 walikuwa miongoni mwa watu wa mwisho katika sehemu hizo waliojua kwa mikono yao jinsi chuma kinavyotoka katika jiwe. Laiti wasingeulizwa wakati huo, sehemu kubwa ya elimu yao ingezikwa pamoja nao. Karagwe na Kyerwa zina vilima vyao, mabaki yao na masimulizi yao, na si yote yaliyokwisha kuandikwa.

Mchezo unaosema kwamba chuma hupatikana kwa sekunde 10 utaendelea kuchezwa, nao utaendelea kuwafundisha vijana jambo lisilo kweli kuhusu kazi ya babu zao, mradi kanuni zake hazijaguswa. Dawa yake si kuupiga marufuku. Dawa yake ni kumpa mwanafunzi ufunguo wa kuzifungua kanuni hizo, mizani ya kuzipima, na swali la kuanzia: je, ndivyo ilivyokuwa hapa kwetu?